UZI: Nimeuliza kuhusu muguka Likoni, karibu kila mtu asema "situmii". Dodoso langu lina kasoro gani?

#1 Binti wa Mtongwe
Salaam wanabaraza. Niko mwaka wa nne, nasoma saikolojia, naandika tasnifu kuhusu utumiaji wa muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, kwa watu wazima. Nimezunguka nyumba kwa nyumba wiki tatu hapa Likoni, Mombasa: Mtongwe, Shika Adabu, Majengo Mapya. Swali la 9 kwenye dodoso lauliza: "Je, wewe hutumia dawa za kulevya kama bangi, miraa au muguka?" Waliojibu ndiyo nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Na jioni nikishuka kwenye matatu, kabla sijafika kwetu napita maskani tatu. Vijana wamekaa, mashavu yamejaa, vijiti na pakti za plastiki zimetapakaa chini. Msimamizi wangu aniambia niandike nilichopata, basi. Moyo wakataa. Nikiandika kwamba Likoni karibu hakuna anayetafuna, nitakuwa nimeandika uongo kwa tarakimu. Tatizo li wapi?

#2 Nahodha wa Kivuko
Binti, ungenikuta mimi mlangoni na mama watoto amesimama nyuma yangu, ungetarajia nikujibu nini? Watu wako hawakudanganya dodoso. Walikuwa wanalinda ndoa zao.

#3 Mwalimu Mstaafu
Nahodha asema kweli. Mtu akiulizwa jambo lenye aibu hujibu vile angependa aonekane. Kwa hiyo kipimo chako chapima mambo mawili kwa pamoja, utumiaji na aibu, nawe wadhani ni moja.

Nilipokuwa nafunza, mfano niliopenda ni wa Richard LaPiere, mwanasosholojia wa Marekani. Miaka ya mwanzo ya 1930 alisafiri nchini mwake na kijana Mchina na mkewe, wakati ambapo Wachina walichukiwa sana huko. Waliingia hoteli na mikahawa 251. Walikataliwa mahali pamoja tu. Baada ya miezi sita akawaandikia wenye sehemu zilezile: je, mwapokea Wachina? Zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu walisema hapana. Makala yake yalitoka 1934. Kinywa kilisema hivi, mkono ukatenda vile. Kwa Binti ni kinyume tu: vinywa vyasema hapana, mashavu yasema ndiyo.

#4 Mkisauni
Mwalimu, shukran, lakini mfano huo una shimo. Aliyejibu barua huenda ni mwenye hoteli, na aliyewapokea wageni ni karani wa mapokezi. Hao ni watu wawili. Tena barua zilizojibiwa zilikuwa 128, kama nusu hivi. Na LaPiere mwenyewe, Mzungu, alikuwa pamoja nao safari nyingi. Nani atamfukuza mgeni aliyeandamana na profesa?

#5 Mwalimu Mstaafu
Nakubali, Mkisauni. Mfano una shimo, lakini bado wabeba maji. Kuuliza ni kazi moja na kutazama ni kazi nyingine.

#6 Mama Zuena
Mwanangu Binti, mimi nimehojiwa mara nyingi kuliko ulivyohoji, basi nikueleze upande wetu. Likoni hii kila baada ya muda yuaja kijana na tabuleti: mwala mara ngapi, choo mwatumia cha nani, mume yuko? Mara moja niliulizwa milo mingapi kwa siku na jirani yangu amekaa pale kwenye kibao anasuka ukili. Nikasema mitatu. Siku ile tulikuwa tumekula mara moja, tena chai na mkate wa mofa. Sikumdanganya yule kijana, wala simjui. Sikutaka jirani asikie.

Na mara nyingine nimesema kidogo kuliko nilicho nacho, kwa sababu nilidhani waja kuandikisha watu wa msaada. Kwa hiyo uongo wetu hauendi njia moja. Wategemea tunadhani wewe umeletwa na nani. Wewe ulijitambulisha vipi?

#7 Binti wa Mtongwe
Shikamoo Mama Zuena. Nilivaa kitambulisho cha chuo na nilikuwa na barua yenye mhuri.

#8 Nahodha wa Kivuko
Mhuri! Basi ni hiyo. Mwezi Mei 2024 gavana alipiga marufuku muguka hapa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta wakafuata, halafu Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha. Watu wengi hawajui mwisho wake ulikuwaje. Wakiona mhuri wadhani askari wa kaunti wako nyuma ya ukuta.

#9 Karani wa Zamani
Nyote mwazungumza aibu na hofu. Nauliza jambo jepesi zaidi. Binti, ulikuwa unabisha hodi saa ngapi?

#10 Binti wa Mtongwe
Saa tatu asubuhi hadi adhuhuri. Mchana jua kali na jioni mamangu hanipi ruhusa kuzunguka.

#11 Karani wa Zamani
Basi hujakutana na watu wako kabisa. Saa tatu asubuhi wanaume wa Likoni wako bandarini, wako kwenye tuktuk, wako Kongowea, wamevuka feri tangu alfajiri. Waliobaki nyumbani ni kina mama, wazee na wagonjwa. Walikujibu "situmii" na ni kweli tupu, hawatumii. Hakuna uongo wowote hapo. Sampuli imekosea.

Kisa kikubwa cha haya ni jarida la Literary Digest la Marekani mwaka 1936. Lilituma kadi milioni 10 kuuliza watu watampigia nani kura ya urais, kadi zaidi ya milioni 2 zikarudi. Likatabiri Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Sababu ni kwamba majina yalitolewa kwenye orodha za wenye simu na magari, yaani wenye nacho.

#12 Tudor Moja
Karani, hiyo ya simu na magari ndiyo husimuliwa, lakini ni nusu ya kisa. Nusu ya pili ni kwamba waliopokea kadi wengi hawakurudisha, na waliorudisha hawakufanana na walionyamaza. Waliomchukia Roosevelt walikuwa na hamu zaidi ya kujibu. Kwa Binti maana yake ni hii: hata angepita saa kumi na mbili jioni, mtafunaji angesema "nina haraka, dada" na mlango ungefungwa. Binti, waliokataa kuhojiwa uliwaandika?

#13 Binti wa Mtongwe
Sikuwaandika. Niliruka nyumba ya pili. Nimeumia kusoma hilo.

#14 Tudor Moja
Usiumie, wengi huruka. Lakini kuanzia kesho andika: nyumba ngapi ulibisha, ngapi hazikuwa na mtu, ngapi zilikataa. Hiyo ni data pia.

Na swali lako la 9 lenyewe lina tatizo ambalo hakuna aliyeligusa. Umetia muguka kapu moja na bangi, ukaliita kapu hilo dawa za kulevya. Mtu anayetafuna pakti moja akisubiri abiria hajioni ni mla dawa. Yeye asema "jaba", jina lake la mitaani. Atajibu hapana kwa moyo safi.

Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu ya ajali ya magari, kisha wakauliza yalikuwa na mwendo gani. Kundi moja liliulizwa magari "yalipopondana", jingine "yalipogusana", na vitenzi vingine katikati. Wa kupondana walikisia wastani wa kama maili 41 kwa saa, wa kugusana 32. Filamu ni ileile. Katika jaribio lao la pili, baada ya wiki moja, waliosikia neno la kupondana walikuwa wepesi zaidi kusema waliona vioo vimevunjika, na vioo havikuwako. Kitenzi kimoja tu! Sasa fikiria neno "kulevya" lafanya nini kwenye mlango wa Mama Zuena.

#15 Mkisauni
Hapo Tudor umenishika. Mimi ningeuliza: "Wiki iliyopita, ulitafuna muguka siku ngapi?" Hapo umempa njia ya kujibu, tena waulizia wiki moja anayoikumbuka, si maisha yake yote.

#16 Karani wa Zamani
Hapana Mkisauni, hilo nalo lasukuma. Laanza kwa kudhani kwamba ametafuna. Asiyetafuna atakereka, na wa kati atabahatisha namba ili akuridhishe.

#17 Mkisauni
Asiyetafuna atasema sifuri. Kereka ya dakika moja haiui.

#18 Bi Makadara
Mimi sikubaliani na uzi wote. Mwaanza kwa kuamini kwamba dodoso limekosea na macho ya Binti yako sawa. Kwa nini? Yeye apita maskani tatu kila jioni. Ni vijana walewale au tofauti? Vijana kumi na watano wakikaa njiani kila siku kwa mwaka mzima, wewe moyoni wajiona umeona maelfu. Na wasiotafuna huwaoni, kwa sababu wako ndani, wako msikitini, wako kazini. Jicho nalo ni chombo cha kupimia, nacho chataka kurekebishwa kama dodoso.

Nina ndugu yangu alikuwa akiamini kila tuktuk mjini yaendeshwa na mtafunaji. Nikamwambia ahesabu siku moja kutoka Buxton hadi Ferry, aandike wote, wenye mashavu na wasio na mashavu. Alirudi kimya.

#19 Nahodha wa Kivuko
Bi Makadara, huyo nduguyo alihesabu asubuhi. Watu hutafuna baada ya chakula cha mchana!

#20 Bi Makadara
Haya Nahodha, wewe ndiye mwenye ratiba, utupe.

#21 Mwalimu Mstaafu
Bi Makadara ameleta jambo zito, msilipite kwa mzaha. Binti, hilo lataka utazamaji wa mpango: chagua saa, chagua mahali kwa kura, si pale unapopita kwa desturi yako, hesabu wote. Uwe na mwenzio ahesabu kivyake, mkilinganisha mtajua kama mwaona kitu kimoja. Mkitofautiana sana, basi hata "kutafuna" hamjakubaliana ni nini. Shavu lililojaa laweza kuwa ubuyu au chingamu tu.

#22 Daktari wa Mimea
Kwa faida ya wasiojua: muguka na miraa ni jamii moja ya mmea. Tofauti ni kwamba muguka huliwa majani na machipukizi, wengi huchanganya na chingamu, na bei yake ni nafuu. Mwingi watoka Embu. Kwa hiyo Binti, akisema "situmii miraa" huenda ni kweli na yuatafuna muguka. Vitenge maswali mawili.

#23 Mama Zuena
Mimi narudi kwa Binti. Umesema u mtu wa Mtongwe na umehoji Mtongwe. Wale si majirani zako? Kijana wa miaka ishirini na tatu akuambie wewe, binti wa fulani, kwamba yeye hutafuna, na jioni mamako akutane na mamake harusini? Hata mimi ningesema hapana. Angetumwa mtu wa Changamwe asiyejua ukoo wa mtu.

#24 Karani wa Zamani
Na mimi nasema kinyume, Mama, kwa heshima. Mtu wa Changamwe hatafunguliwa mlango. Nilifanya kazi ya kuhoji miaka mingi. Mgeni apewa kiti, maji ya baridi na majibu ya adabu. Mwenyeji apewa habari. Sharti akae sana, aje mara ya pili, ya tatu, dodoso liwe mfukoni.

#25 Tudor Moja
Nyote wawili mko sawa kwa watu tofauti, na hapo ndipo penye taabu. Anayehoji ni sehemu ya jibu. Kuna kisa cha farasi wa Berlin, Hans, aliyekuwa akijibu hesabu kwa kugonga kwato. Watu walistaajabu, na mwenyewe, von Osten, hakuwa tapeli, aliamini kabisa. Mwaka 1907 Oskar Pfungst akaonyesha kwamba farasi hukosa akiulizwa na mtu asiyejua jibu au asipomwona muulizaji. Alikuwa akisoma miili ya watu: hesabu ya kwato ikifika kwenye jibu walijinyoosha kidogo bila kujijua, naye huacha kugonga. Binti, ulipofika swali la 9, uso wako ulikuwaje? Ulitabasamu? Ulishusha sauti?

#26 Binti wa Mtongwe
Nilishusha sauti. Kila mara. Nilidhani ni adabu.

#27 Mkisauni
Basi uliwaambia kwa sauti kwamba hili ni la aibu.

#28 Msomi wa Mtwapa
Nimesoma uzi wote kwenye foleni ya Nyali. Ipo njia iliyobuniwa kwa maswali ya aina hii. Wazo ni la Stanley Warner, Marekani, 1965, na toleo jepesi latumia sarafu. Mpe mhojiwa sarafu ya shilingi kumi, ile mpya, upande mmoja simba, wa pili ngao. Airushe wewe hutazami. Ikija simba, aseme "ndiyo" bila kujali ukweli. Ikija ngao, aseme ukweli wake. Akikuambia "ndiyo" hujui ni simba aliyesema au ni yeye. Hata mkewe akisikia hajui. Hata askari wa Nahodha nyuma ya ukuta hajui. Lakini ukiwa na watu wengi, wewe utajua.

#29 Nahodha wa Kivuko
Utajua vipi na wote wamesema ndiyo ndiyo? Tuseme watu 200, ndiyo 130. Hiyo si asilimia 65 ya Likoni watafuna? Kaunti itatufungia feri.

#30 Msomi wa Mtwapa
La, Nahodha. Kati ya 200, simba huja kwa kama 100, hao wamesema ndiyo kwa amri. Waondoe. Zimebaki ndiyo 30 katika watu 100 waliosema ukweli. Ni asilimia 30, si 65.

#31 Bi Makadara
Na gharama yake mbona hujaitaja, Msomi? Ile kelele ya sarafu yazidisha shaka. Kwa mfano wako wa watu 200, 30 ile yaweza kuwa 17 au 43. Ukiuliza moja kwa moja na watu wakasema kweli, ungepata kati ya 24 na 36. Kwa hiyo Binti atahitaji watu wengi zaidi, na ana miguu miwili tu.

#32 Msomi wa Mtwapa
Kweli kabisa, ningelitaja mwanzo. Lakini jibu lenye shaka kubwa na liko mahali pake nalipenda kuliko jibu kali lililopotoka.

#33 Mama Zuena
Na mimi nasema sarafu hiyo italeta balaa. Mzee wa miaka sabini, hajatia muguka mdomoni maisha yake, simba imemwangukia, wamwambia aseme "ndiyo, natafuna"? Hasemi! Atasema hapana na sarafu atakurushia. Tena kuna watakaoona ni kamari.

#34 Mwalimu Mstaafu
Mama Zuena amegusa udhaifu unaojulikana: wako wanaosema hapana hata sarafu ikiwaamuru ndiyo, na hapo hesabu yashuka chini ya ukweli. Kuhusu kamari, Binti apate ushauri wa watu wa mtaa kwanza. Si kila kilichofaa kwingine chaingia Shika Adabu.

#35 Kijana wa Kongowea
Naingia nimechelewa. Swali la mjinga: sensa ya 2019 ilisema Mombasa ina watu 1,208,333. Dada yuahoji watu mia na kitu. Mia wasemeje kwa milioni?

#36 Karani wa Zamani
Si swali la mjinga. Wali wa sufuria ya harusi na wa sufuria ya nyumbani, kujua umeiva huli wote, waonja. Ila ukichota juu tu hutajua chini kumeungua kumekuwa ukoko. Shida kubwa ni wapi umechota. Watu 1,000 waliochaguliwa kwa kura ya haki, tofauti ni kama asilimia 3 juu au chini. 400, kama 5. 100, kama 10. Lakini Binti hakupiga kura, alichota juu, saa tatu asubuhi. Hata angehoji 10,000 kwa saa ile, ukoko hangeufikia.

#37 Kijana wa Kongowea
Ahsante mzee. Sasa nina njaa.

#38 Karani wa Zamani
Na niwaambie jambo limekuwa likinikaa kifuani. Kuna kazi moja nilifanya, shirika silitaji, tulilipwa kwa idadi ya dodoso. Wenzangu wawili walikaa chini ya mwembe, wakajaza hamsini kwa siku, majina ya kubuni, umri wa kubuni. Niliwajua kwa sababu majibu yao yalikuwa mazuri mno: hakuna aliyekataa, hakuna aliyesema "sijui", hakuna mtoto aliyelia katikati. Nilimwambia msimamizi, akaniambia tarehe ya ripoti imefika. Ripoti ilitoka. Sijui mangapi yaliamuliwa kwayo, na hadi leo nikisikia "utafiti umeonyesha" nauona mwembe ule. Ndiyo maana Binti nimekupenda bure: umepata namba tayari na bado umekuja kuuliza.

#39 Mama Zuena
Mungu akulipe kwa kusema, Karani.

#40 Mkisauni
Karani, sisi tuko hapa tukitafuta makosa ya dada, na makosa makubwa yalikuwa ya waliolipwa.

#41 Nahodha wa Kivuko
Kivukoni walikuja kuuliza kama watu wamefurahia huduma. Waliuliza waliokuwa tayari ndani ya feri! Wale walioachwa ng'ambo wakilaani hawakuulizwa. Nawaambia tu.

#42 Tudor Moja
Nahodha, hicho ni kisa cha namba 11 na 12 kabisa. Umefaulu.

#43 Wakili Mdogo
Kabla Binti hajatoka tena: kuhesabu watu njiani bila majina ni sawa, lakini usipige picha nyuso za maskani. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Hakikisha kibali cha NACOSTI, tume ya serikali inayoruhusu utafiti, ki hai na kamati ya maadili ya chuo imeona mabadiliko ya dodoso. Na sarafu au bila sarafu, mhojiwa aambiwe anaweza kukataa, na kukataa kwake kusimletee neno.

#44 Bi Makadara
Wakili ameleta la maana, ila tazameni: ukimsomea mtu haki zake zote, fomu ya kurasa mbili, na aweke sahihi, hofu ya namba 8 yarudi. Mtu wa Likoni hutia sahihi mambo mawili tu, mkopo na polisi.

#45 Wakili Mdogo
Ridhaa yaweza kuwa ya mdomo ikiwa kamati imekubali. Iombe.

#46 Binti wa Mtongwe
Wazee wangu na ndugu zangu, nimesoma yote mara mbili. Sijajua bado ni aibu, ni saa, ni neno "kulevya", ni uso wangu, au ni macho yangu ya jioni. Zote zanionekea kweli. Nimezungumza na msimamizi leo, hakufurahi, lakini amenipa wiki nne na kusema nipeleke kamati dodoso jipya.

Nitakalofanya wakiniruhusu: nagawa dodoso mafungu mawili kwa kura. Nusu swali la zamani, nusu swali la Mkisauni, muguka peke yake. Yakitofautiana nitajua neno lina kazi. Binamu yangu wa Changamwe atahoji nyumba zangu za mtaani, mimi nitahoji za Majengo Mapya nisikojulikana. Tutakwenda baada ya Magharibi, mamangu amekubali tukiwa wawili. Waliokataa nawaandika. Sarafu nitaijaribu kwa watu wachache kwanza, nione kama mzee wa Mama Zuena atanirushia.

#47 Mkisauni
Ukibadilisha neno, saa na mhojaji vyote kwa pamoja, hutajua kilichofanya kazi ni kipi.

#48 Binti wa Mtongwe
Neno nimegawa kwa kura ndani ya kila mtaa, kwa hiyo hilo nitalijua. Saa na mhojaji, kweli vimechanganyika. Sina watu wa kutosha kuvitenga.

#49 Tudor Moja
Basi liandike hivyo hivyo kwenye tasnifu, kwa maneno hayo hayo.

#50 Bi Makadara
Na mimi bado nasema uhesabu maskani.

#51 Binti wa Mtongwe
Nitahesabu, Bi. Jumamosi, saa tisa hadi kumi na mbili, vituo sita kwa kura. Nahitaji mtu wa pili wa kuhesabu kivyake. Na mwenye shilingi kumi mpya zenye simba aniwekee, nyumbani nimepata za zamani tu, zenye sura ya Mzee Kenyatta.

#52 Kijana wa Kongowea
Mimi nipo Jumamosi. Simba ninazo nyingi, nauza nyanya. Tukutane wapi?